Kisu cha Tabibu Hakikati Ulimi wa Jirani

Barabara itokayo Mombo kupanda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi, na kila kona yake humtoa abiria katika joto la bonde na kumtia katika baridi ya milima. Chini kuna mkonge na vumbi. Juu kuna migomba, mahindi yaliyopandwa katika miteremko ambayo mtu wa visiwani angeogopa hata kuisimamia, na mabustani ya kabichi, karoti na nyanya. Mfikirie, msomaji, mwanamke wa Kishambaa aliyehamia Dar es Salaam ujanani, akanenepa hata magoti yakakataa kumchukua na sukari ikapanda katika damu yake, akavuka bahari kwenda kupasuliwa tumbo India, akapungua, na miaka saba baadaye anashuka kituoni Lushoto kwenda kumwona mama yake. Hajashusha mzigo wala hajajibu salamu ya pili, mtu anamshika mkono na kumkazia macho: "Mwanangu, umekonda! Una nini?"

Huyo ni shangazi yake, naye anampenda kwa dhati. Mwaka unaofuata mwanamke anapanda tena. Uzito umerejea kidogo, kama ambavyo aghalabu hurejea, na shangazi yuleyule anapiga vigelegele: "Alhamdulillahi, sasa umerudi!" Na pembeni, kijana aliyejifunza mzaha wa mjini anamnong'oneza mwenziwe maneno mawili: "Nyama uzembe."

Mwanamke huyo ni wa kupigiwa mfano tu, lakini nani katika pwani hii asiyemjua? Anaye dada yake Unguja, anaye binamu yake Tanga, na anao jamaa zake Maskati, ambako upasuaji wa namna hiyo ni jambo lililozoeleka zaidi. Wote wamepitia kisu cha tabibu, kisha wakarudi na kukuta ulimi wa jirani uko palepale, mkali kama ulivyokuwa. Tabibu alikata tumbo. Hakuna aliyekata desturi ya kumsoma mtu mwili wake hadharani kana kwamba ni tangazo lililobandikwa ukutani. Na desturi hiyo, pamoja na lugha inayoilisha, ndiyo inayostahili kushitakiwa hapa, mbele ya wapenzi wa ushairi, kwa kuwa washairi nao wamo katika orodha ya washitakiwa.

Shitaka lianzie kwenye lugha. Kiswahili kimekwisha kutoa hukumu kabla msemaji hajafungua kinywa. Anayetaka kumliwaza mwenziwe humwambia "usikonde." Maana ya juu ya neno hilo ni usipungue mwili, maana yake ya ndani ni usihuzunike, usitie shaka moyoni. Ndani ya neno moja la upole, wembamba na huzuni vimefungishwa ndoa, na hakuna kadhi aliyewahi kuitengua. Mwembamba akitaniwa huitwa kimbaombao, au hufananishwa na ng'onda, samaki aliyepasuliwa akaanikwa juani mpaka maji yote yakamtoka. Kinyume chake, mwenye neema hunawiri, neno linalotokana na nuru. Mwili uliojaa hutajwa kana kwamba una taa ndani yake.

Hiyo ndiyo mahakama ya kale. Mahakama ya pili ni changa, imefunguliwa mijini, na hakimu wake ni yule kijana wa kituoni. Katika mahakama hiyo mafuta ya tumboni huitwa nyama uzembe. Msomaji na aitazame istilahi hiyo kwa makini, maana ni kazi kamili ya kihakimu kwa maneno mawili: shitaka, ushahidi na hukumu vimo humo humo. Nyama ipo, basi mwenyewe ni mzembe. Hapana haja ya kumwita shahidi wala kumwuliza mshitakiwa ana homoni gani, amerithi nini, anafanya kazi gani, analala saa ngapi.

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mwili husimamishwa katika mahakama zote mbili, tena siku moja. Asubuhi shangazi humhukumu kwa ukonde. Jioni kijana humhukumu kwa mabaki ya unene. Haki ya kukata rufaa hana, kwa sababu mahakama zote mbili zimejengwa ndani ya lugha anayoizungumza na kuiotea ndoto.

Ni insafu kukiri kwamba mahakama ya kale haikujengwa kwa uovu. Usambara ni nchi iliyojua njaa na kujua shibe, na ikayapima mambo yake makubwa kwa mizani hiyo. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanafikra wa vijijini humo, ameeleza mawazo mawili ambayo wazee wa Kishambaa waliyatumia kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mtawala aliyeitengeneza nchi alileta mvua na chakula. Aliyeiharibu alileta ukame na njaa. Katika nchi iliyofikiri hivyo, haishangazi kwamba mwili uliojaa ulionekana kuwa ushahidi wa amani, na mifupa iliyotokeza ikawa habari mbaya.

Kisha likaja gonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na huko Uganda maradhi hayo yaliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulipoanza mwaka 2004, kupungua mwili ghafla kulisomwa kama hati ya kifo. Shangazi wa Lushoto aliyezika watoto wa ndugu zake katika miaka hiyo hawezi kumwona mtu aliyekonda bila moyo wake kuruka. Swali lake lina kaburi nyuma yake.

Illa mzizi wa jambo si udhuru wake. Shangazi anaogopa, ni kweli; lakini hofu hiyo haimpi ruhusa ya kuitangaza kituoni, mbele ya wapiga debe na wauza matunda. Mtu anayeulizwa "una nini?" kwa sauti ya kusikika na wote amekwisha kutiwa maradhi hata kama hana. Na akijibu kweli, kwamba alipasuliwa kwa hiari yake, maradhi yatageuka kuwa kashfa: atasemwa kwamba alishindwa kufunga mdomo wake mpaka akafungwa tumbo kwa uzi.

Hapo ndipo linapoingia shitaka la "njia ya mkato," ambalo husemwa zaidi na watu ambao njia yenyewe hawajapata kuiona. Upasuaji wa aina hii si uzushi wa jana. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliufanya mwaka 1966 ule wa kuacha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Siku hizi upo pia ule wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo na kuacha kama mkono wa kanzu. Tanzania nayo imekwisha kuingia katika uwanja huo: tangu mwaka 2022 hospitali ya Muhimbili-Mloganzila imekuwa ikiweka puto tumboni kwa wanaohitaji kupungua, na baadaye upasuaji wenyewe ukafuata. Maana yake ni kwamba watu wa kwanza waliotibiwa nyumbani wanaanza sasa kuingia katika ile miaka ambayo picha za "kabla na baada" hazionyeshi kamwe. Picha ya "baada" hupigwa mwaka wa kwanza. Je, mwaka wa saba nani hupiga picha?

Waswidi waliupiga, kwa subira. Kuanzia mwaka 1987 walikusanya watu 4,047 wenye unene mkubwa, karibu nusu yao wakapasuliwa na wengine wakatibiwa kwa njia za kawaida, kisha wakawafuatilia kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji ule wa kuunganisha tumbo na utumbo walipoteza asilimia 32 ya uzito wao ndani ya mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Baada ya miaka 10, upungufu uliobaki ulikuwa asilimia 25. Katika aina nyingine za upasuaji zilizotumika wakati huo, uzito uliorejea ulikuwa mwingi zaidi. Na katika kundi lote la waliopasuliwa, vifo vilikuwa vichache kuliko katika kundi la wasiopasuliwa.

Msomaji mwadilifu atayasoma mambo mawili katika hesabu hiyo. La kwanza, upasuaji ni tiba ya kweli, inayookoa roho. La pili, sehemu ya uzito hurejea, na kurejea kwake ni jambo la kawaida linalowapata watu walio wengi, wazembe na wasio wazembe. Tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999, ambayo huuambia ubongo kwamba njaa imekuja. Mtu akipungua kwa kujinyima chakula, homoni hiyo huongezeka. Mwili hudhani umeingia katika mwaka wa ukame na kuanza kupigania kila tonge. Upasuaji huituliza vita hiyo. Hauimalizi. Anayemcheka mtu kwa kilo tano zilizorejea katika mwaka wa sita anamcheka askari aliyepigana miaka sita kwa sababu amepigwa jiwe moja.

Na vita yenyewe hupiganiwa katika mambo madogo yasiyo na shairi. Aliyepasuliwa hula vijiko vichache, polepole, akitafuna mpaka chakula kiwe uji. Hanywi maji pamoja na mlo. Akisahau akanywa chai tamu kama inywewavyo nchini, yumkini moyo utamwenda mbio, jasho litamtoka na atalazimika kujilaza, kwa kuwa sukari imepita haraka mno kuingia utumboni. Vidonge vya madini na vitamini atavimeza maisha yake yote, na damu yake itapimwa mara kwa mara, isije ikapungukiwa chuma au vitamini za kuimarisha neva. Hospitali iliyoizoea kazi hiyo ipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lushoto, na nauli ya kwenda na kurudi si ndogo kwa mwuza kabichi.

Sasa mweke mtu huyo katika nyumba ya Kishambaa siku ya ugeni. Makande yamepikwa tangu alfajiri, wali umetolewa kwa heshima yake, kuku amechinjwa. Anakula vijiko vitano na kushukuru. Mwenye nyumba anaangalia sahani na kusononeka: chakula chetu kimekuwa kibaya? mjini kumekufanya utudharau? Mgeni analazimika kuchagua kati ya kuumwa na kumuumiza mama yake. Huo ndio ule "mkato" unaosemwa. Ni njia ndefu kuliko ya Mombo, na kona zake ni nyingi zaidi.

Liko pia jambo la ndani, ambalo jirani hawezi kuliona hata akikaza macho. Wengi waliopungua sana hubaki na picha ya mwili wa zamani kichwani. Hupita mlangoni kwa ubavu ilhali mlango ni mpana. Dukani huchagua gauni la kumfaa mtu wa zamani. Ndani ya basi dogo la Mombo husita kabla ya kukaa, wakiogopa kumbana jirani, ilhali nafasi imebaki ya mtu na nusu. Na chini ya nguo ipo ngozi iliyolegea mikononi, tumboni na mapajani, ambayo mazoezi hayaikazi. Kanga na buibui huifunika machoni pa watu, lakini haifunikiki machoni pa mwenyewe aogapo. Mtu wa namna hii anahitaji miaka ili macho yake yaufikie mwili wake. Kila "umekonda" na kila "umerudi" humrudisha nyuma hatua kadhaa, kwa sababu humkumbusha kwamba mwili huo ni mali ya baraza, na baraza halijamaliza kuujadili.

Kuna wasemao: na arudi mlimani alime, atapungua bila kisu. Usemi huu huwapendeza watu wa tambarare, wanaoiona Lushoto kuwa mahali pa hewa baridi na matunda. Unawatukana watu wengi kwa mara moja. Wanawake wanaopanda miteremko ya Mlalo na Mtae na mizigo kichwani hawafanyi mazoezi ya kupunguza mwili. Wanatafuta chakula, na wembamba wa baadhi yao ni alama ya kazi nyingi na mlo mchache. Kumtaka mwenye kisukari arudi katika taabu hiyo ili apendeze ni kuugeuza umasikini kuwa dawa.

Isitoshe, mlima wenyewe haukai peke yake. Malori hushuka kutoka Lushoto yakiwa na kabichi, karoti, hoho na matunda ya damu kwenda Tanga na Dar es Salaam, na magari yapandayo huleta sukari, mafuta ya kupikia na soda. Mboga ambazo madaktari wa mjini huziandika katika ushauri wao zimelimwa na watu ambao aghalabu huziuza ili wanunue vile ambavyo madaktari haohao huvikataza. Biashara hii imeingia katika miili ya nchi nzima. Takwimu za afya za taifa zilionyesha kwamba wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 11 katika uchunguzi wa mwaka 1991–92. Katika ule wa mwaka 2015–16 walikuwa asilimia 28. Wale wapendao neno uzembe na wajibu swali moja: je, katika robo karne hiyo wanawake wa nchi hii walizidi uzembe zaidi ya mara mbili? Wanawake walewale waliofungua maduka, waliouza mitumba, waliosomesha watoto? Kilichobadilika ni chakula, ni kazi, ni miji. Lugha ikawalaumu watu kwa mabadiliko ambayo hawakuyapigia kura.

Wapo na wanaoileta dini. Husema kwamba kupasua tumbo ni kubadili umbile la Mwenyezi Mungu, na huwakumbusha wanene mafundisho ya Mtume kuhusu theluthi tatu: moja ya chakula, moja ya kinywaji, moja ya pumzi. Mafundisho hayo ni mazuri, na yaliletwa kwa kila mlaji, mwembamba na mnene, aliyeketi mbele ya sinia la pilau. Ajabu ni kwamba hutolewa kama bakora kwa mnene peke yake, huku kimbaombao aliyemaliza sahani mbili akiitikia "naam, kweli." Na kama kuna mtu anayeishi kwa kipimo cha theluthi kila siku, kwa kupenda na kwa kulazimika, basi ni huyo aliyepasuliwa. Ama kuhusu umbile, ulimi unaokataza kisu cha tumbo haujapata kukikataza kisu cha mtoto wa jicho wala cha kidole tumbo. Kisukari na shinikizo la damu ni maradhi, na maradhi hutafutiwa dawa.

Jamii inapokosa hoja hukimbilia kicheko. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiiongoza Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kwenda kuliongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika mwaka 2025, alizungumza mara nyingi hadharani kuhusu sukari, wanga na unene. Nchi ikamgeuza kichekesho. Kila aliyeshika chapati alimtaja kwa mzaha. Ana haki mtu kubishana na ushauri wa daktari. Lakini kicheko kile kilificha jambo: nchi inayocheka inapoambiwa ipungue ndiyo nchi inayocheka inapomwona aliyejaribu kupungua akishindwa kidogo. Haitaki mwili uzungumzwe kwa elimu. Inataka kuendelea kuuzungumza kwa dhihaka.

Watu wa Usambara wanayo hadithi ya kuwaaibisha wacheshi hao, na imeandikwa kwa Kiswahili tangu zamani. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi na Wakilindi na kuujua undani wao, ameisimulia katika Habari za Wakilindi. Mbegha aliota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya jamaa zake huyo alikuwa kigego, mtoto wa kuleta balaa. Wazee wake walipokufa, ndugu walimnyima urithi kwa sababu ya meno. Akaondoka, akawa mwindaji wa nguruwe, akafika milima ya Usambara, akawapa wenyeji nyama nao wakampa vyakula vyao, akaamua magomvi yao, na mwishowe wakamtawaza. Ukoo wa wafalme wa milima ile, waliokaa Vugha na kutawala nchi kubwa, ulitokana na mtu ambaye mwili wake ulisomwa vibaya na jamaa zake mwenyewe.

Wasomaji huipenda hadithi hii kwa ushujaa wake, na kusahau kosa lililoianzisha. Walionyimwa zaidi katika kisa kile ni wale ndugu, waliomtazama mtoto mdomoni wakadhani wamemaliza kumjua. Washambaa walimtazama mgeni huyohuyo, wakauliza amekuja na nini na anaweza nini. Katika kituo cha Lushoto leo, ni desturi ipi kati ya hizo mbili inayofuatwa?

Ushairi nao una deni. Pwani hii imewaimba wanawake kwa viungo, kuanzia nywele hadi nyayo, na ikawadhihaki kwa viungo hivyo hivyo. Katika Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert ameeleza jinsi mwimbaji yule wa Fumba, binti wa Mnyamwezi na Mzigua, alivyotungiwa mashairi ya kumkejeli asili yake na sura yake alipoanza kupata jina mjini Unguja. Jibu lake lilikuwa wimbo, na maana yake ni kwamba jamali na nasaba si hoja mbele ya akili. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na sahani za santuri zikaipeleka mahali ambapo hakuna aliyeweza kuuona uso wake wala kuupima. Waliomkejeli wanakumbukwa kwa sababu yake tu.

Lakini tangu wakati huo washairi wamelifanyia nini fundisho la Siti? Wameendelea kusifu wowowo kwa msimu mmoja na kiuno cha nyigu kwa msimu mwingine, kila mara wakimwacha nje mtu ambaye mwili wake uko safarini. Kiswahili kina kitenzi cha kunenepa na kitenzi cha kukonda, vyote viwili vya mwendo, vya kwenda na kurudi. Kwa yule asiyekwenda wala kurudi, anayekaa kila siku katika ulinzi wa mwili wake, mwaka baada ya mwaka, bila kushangiliwa, ofisi zimempa maneno "kudhibiti uzito," yenye harufu ya ghala na forodha. Washairi hawajampa hata neno moja. Lugha yenye maneno ya kila aina ya tanga na kila aina ya upepo ingeshindwaje kupata jina la subira ya namna hii? Haijashindwa, haijatumwa.

Yako maneno yanayongoja kutumwa. Baharia ana neno kushika zamu: kukesha wakati wengine wamelala, chombo kikienda shwari, bila tukio la kusimulia asubuhi. Mkulima wa Usambara anajua kukinga mteremko kwa matuta ili mvua isiuchukue udongo, kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna kinachoonekana ila udongo kubaki mahali pake. Anayelinda uzito wake miaka saba baada ya kisu anafanya kazi hiyohiyo. Akipoteza tuta moja katika masika makali, jirani mwema hutoa jembe. Hasimami juu ya mlima akihesabu udongo ulioteremka.

Watetezi wa shangazi watasema: basi watu wasiulizane hali? Mtu akonde mpaka afe, na jirani anyamaze kwa adabu? Hoja hii ina uzito na inastahili jibu. Aliyepasuliwa anaweza kweli kudhoofika kwa kukosa chuma na vitamini, na huenda shangazi ndiye wa kwanza kuona. Na aone. Lakini kuona na kutangaza ni mambo mawili, na Waswahili waliozoea kusitiriana katika madeni na katika ndoa hawakosi maarifa ya kusitiriana katika mwili. Na amchukue mpwawe pembeni, jikoni, moshi ukiwafunika, amwulize analala vipi, anakula nini kinachomkalia vizuri, ana nguvu za kutosha, lini atarudi kwa daktari na nauli anayo. Maswali hayo yanaweza kuokoa roho. "Umekonda" halijaokoa roho ya mtu, wala "nyama uzembe" haijapunguza kilo ya mtu.

Salamu ya Kishambaa ni ndefu. Huuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila jibu hufungua swali jingine, hata mgeni asiyezoea akadhani hawataachana. Nafasi imo ya kutosha humo. Gari lifikapo Lushoto na mwanamke yule akashuka, akiwa amepungua au ameongezeka, shangazi ana mambo kumi ya kumwuliza kabla ya kuufikia mwili wake. Akiyauliza yote kumi kwa ukamilifu, na mzigo ukachukuliwa, na njia ya kwenda kwa mama ikashikwa, la kumi na moja halitakuwa na haja ya kuulizwa.